Masika ya Kerala au Mchanga wa Rajasthan: Filamu Ipi ya Wanawake Wawili Uanze Nayo

Kuna kisa kimoja ambacho sinema ya India imekisimulia mara mbili katika muda wa miaka miwili, na kila mara kikatoka na sura yake. Wanaume wawili wamekwenda Saudi Arabia kutafuta riziki. Mmoja anakufa, mwenzake anashikwa kwa kumuua, na hukumu yake ni kifo. Sheria ya huko inaacha mlango mmoja wazi: mjane wa marehemu akitia saini kwamba amesamehe, roho ya mfungwa inaokoka. Basi mke wa mfungwa anafunga safari ndani ya India yenyewe kumtafuta mwanamke asiyemjua, wa dini nyingine na mila nyingine, mwenye kila sababu ya kumfungia mlango.

Filamu ya kwanza ni Perumazhakkalam, iliyotoka mwaka 2004 kwa lugha ya Kimalayalam, chini ya mwongozaji Kamal wa Kerala. Ya pili ni Dor, iliyotoka Septemba 2006 kwa Kihindi, chini ya mwongozaji Nagesh Kukunoor, ambaye alikichukua kisa kile cha Kerala akakihamishia kaskazini. Nimeongeza na ya tatu, All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, ya mwaka 2024, ambayo haina mauaji wala hukumu, lakini jeraha lake ni lile lile la mwanamke ambaye mumewe yuko ughaibuni. Zote tatu zinahusu wanawake wasiotarajiwa kuwa ndugu wakawa ndugu. Ninaziweka bega kwa bega kwa ajili ya mtu mwenye jioni moja au mbili tu za kutazama, anayetaka kujua aanze na ipi na ipi aiache kwa siku ambayo moyo wake umetulia.

Kabla ya kuzilinganisha, ni vizuri kusema kwa nini kisa hiki kinamgusa msomaji wa Kiswahili kuliko visa vingi vya sinema za Kihindi. Nyumba nyingi za Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zina mtu Muscat, Riyadh, Doha au Dubai, na zinajua maana ya kusubiri simu ambayo haiji. Zinajua pia kisasi na dia, yaani fidia ya damu. Qurani, katika Surat Al-Baqara aya ya 178, imetaja kisasi katika waliouawa, na papo hapo ikafungua njia ya msamaha na ya malipo yanayotolewa kwa wema. Jambo hili si la kwenye filamu tu. Julai 2025 Mkenya mmoja, aliyekaa gerezani Saudia kwa miaka mingi akiwa na hukumu ya kifo kwa kumuua mfanyakazi mwenzake raia wa Yemen, aliachiwa huru baada ya familia ya marehemu kukubali dia. Waliofuatilia habari zile, wakamwona mama yake akihangaika mwaka baada ya mwaka, hawatahitaji kuelezwa kwa nini mke wa mfungwa katika filamu hizi hawezi kukaa nyumbani akaomba dua peke yake.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo mtazamaji Mwislamu ataliona mara moja. Katika fiqhi, haki ya kudai kisasi au kusamehe si ya mjane peke yake, bali ni ya warithi wa marehemu kwa jumla, wakiwemo wazazi na watoto wake. Filamu zote mbili zimeikusanya haki hiyo yote katika mkono wa mjane mmoja. Sioni kuwa ni kosa la kuziharibu, kwa sababu bila ya kufanya hivyo kisa kingegeuka kuwa mashauriano ya wazee wa kiume sebuleni, na wanawake wawili wasingewahi kutazamana usoni.

Tofauti kubwa kati ya Perumazhakkalam na Dor ni wakati wa kuomba. Katika Perumazhakkalam, Raziya, Mwislamu wa Kozhikode anayeigizwa na Meera Jasmine, anakwenda Palakkad na baba yake, na haja yao haifichwi: wamekuja kuomba msamaha wa Ganga, mjane wa Kibrahmani, tabaka la juu la Wahindu, anayeigizwa na Kavya Madhavan. Kila mtu katika nyumba ile na katika mtaa ule anajua mgeni ni nani na anataka nini, na hasira inampokea kabla hajakaa. Kwa hiyo hakuna nafasi ya urafiki kwanza. Kinachojengeka kati ya wanawake hawa wawili kinajengeka juu ya jambo ambalo wote wawili wanalijua na hawawezi kulizunguka: mume wangu yuko hai bado, na wako amekufa mikononi mwake.

Katika Dor mambo yamegeuzwa. Zeenat, Mwislamu wa milima ya Himachal Pradesh anayeigizwa na Gul Panag, anafika Rajasthan akiwa na picha ya mumewe Amir pamoja na marehemu Shankar, na karibu hana kingine cha kumwongoza. Anampata Meera, mjane wa Shankar, anayeigizwa na Ayesha Takia, lakini ujasiri wa kusema umemwishia. Anajifanya mgeni tu. Wanakutana hekaluni, mahali pekee ambapo Meera anaruhusiwa kwenda bila maswali mengi, na siku moja inazaa nyingine. Meera anapata rafiki wa kwanza tangu afiwe, na hajui kwamba rafiki huyo ana haja naye. Mtazamaji anajua. Kila wanapocheka, kicheko kile kinamkaa mtazamaji kama deni, kwa kuwa anajua itafika siku ya kulipa.

Hapa ndipo ninapoiona Dor kuwa imemzidi mzazi wake. Kukunoor ameuongeza uzito wa kisa kwa kumpa Zeenat dhambi yake mwenyewe. Katika filamu ya Kerala mwombaji ni msafi. Alichonacho ni machozi yake na haki ya mke kumpigania mumewe. Katika Dor mwombaji amemdanganya anayemwomba, tena amemdanganya kwa mapenzi ya kweli, kwa sababu urafiki ule ulianza kama hila ukageuka kuwa kweli kabla mwenyewe hajatambua. Kwa hiyo siku ukweli unapotoka, Meera ana mambo mawili ya kusamehe, na la pili ndilo zito.

Meera mwenyewe tunamkuta kwanza akiwa bibi harusi mwenye rangi na vicheko katika jumba kubwa la ukoo wa mumewe, jumba ambalo heshima yake imebaki kwenye kuta tu, kwa sababu limeingia kwenye deni. Shankar amekwenda Saudia kulikomboa. Habari ya kifo inapofika, mabadiliko yanafanyika mbele ya macho yetu bila haraka. Anavuliwa mapambo yake, anavishwa nguo ya rangi moja isiyo na nakshi, na binti aliyekuwa akicheza peke yake akingoja simu ya mumewe anakuwa kivuli kinachopita ukutani. Wakwe wanamwona kuwa ndiye aliyekuja na nuksi. Chakula chake, kicheko chake na miguu yake vyote vina mipaka.

Niliitazama sehemu hii pamoja na shangazi yangu, Tanga, ambaye amekaa eda mara mbili katika maisha yake. Alikuwa kimya tangu mwanzo. Alipomwona Meera amekaa na nguo ile, akaniuliza, "Mwanangu, huyu eda yake inaisha lini?" Nikamjibu kwamba haiishi. Akanitazama kana kwamba nimekosea kusoma maandishi ya chini. Kwetu kizuka anakaa miezi minne na siku kumi, anajua hesabu yake, na siku ya kutoka eda anaogeshwa, anavalishwa, anafukizwa udi, na akitaka kuolewa ana haki yake. Swali la shangazi ndilo lililonifungulia filamu nzima. Sheria ya kuwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa India mwaka 1856, enzi za utawala wa Waingereza, lakini sheria haiingii kila ua. Meera amewekewa kifungo kisicho na tarehe, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba wafungwa katika kisa hiki ni wawili: Amir kule Saudia, na Meera huku kwao. Anayekuja kuomba funguo ya mmoja anajikuta ameshika funguo ya mwingine.

Hilo ndilo jambo ninalolitafuta katika filamu yoyote inayodai kuwa inahusu undugu wa wanawake: anayetoa anapata nini? Ni rahisi kutunga kisa cha mwanamke mwema anayesamehe, watu wakalia, taa zikawashwa. Vigumu ni kukumbuka kwamba mwanamke huyo kesho yake anaamka katika nyumba ile ile, na wakwe wale wale. Dor inakumbuka. Nusu nzima ya filamu inamhusu Meera na maisha yake, hata pale ambapo hayana faida yoyote kwa Zeenat. Baba mkwe, anayeigizwa na Girish Karnad, ambaye nje ya sinema alikuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia, ana deni kwa tajiri mwenye kiwanda, na tajiri yule, anayeigizwa na Kukunoor mwenyewe, analitazama jumba kisha anamtazama mjane. Sitasema zaidi. Yupo pia bibi wa nyumba ile, mama wa ukoo, anayeigizwa na Uttara Baokar, ambaye naye ni mjane wa miaka mingi. Mwanzoni ni mkali kwa Meera kuliko wote, na ukali ule unaeleweka polepole kuwa ni wa mtu aliyemeza jambo lile lile kwa miaka mingi na hataki kukumbushwa.

Mhusika atakayewagawa watazamaji ni Behroopiya, anayeigizwa na Shreyas Talpade. Bahrupiya ni msanii wa kujigeuza sura, kazi ya jadi kaskazini mwa India, na huyu ni msanii na laghai kwa pamoja: anaanza kwa kumwibia Zeenat, kisha anaishia kuwa mwongozaji wake jangwani. Wengine watamwona kuwa anapunguza uzito wa kisa kwa mizaha yake. Mimi namtetea. Wale wa rika langu waliolelewa na picha za Kihindi walizoea kumtafuta steringi, yule wa kupiga watu kumi na kuoa mwishoni, na Behroopiya anakaa mahali pale pa steringi bila kuwa steringi. Anampenda Zeenat, anajua kuwa anamsaidia kumrudisha mume wake, na anaendelea kumsaidia. Anawaacha wanawake wawili washike usukani wa kisa.

Kuna mandhari moja ambayo ingetosha kuwa sababu ya kuitafuta Dor. Watatu hao wamefika kwenye vilima vya mchanga, hakuna mtu mwingine hata mmoja, anga ni pana na kamera ya Sudeep Chatterjee imesogea mbali. Behroopiya anaanza kucheza ngoma ya filamu, ya kuchekesha. Zeenat anaingia. Meera anasita, kwa kuwa mjane hachezi. Kisha mguu wake unaanza kabla yeye hajaamua. Anacheza na nguo ile ile ya ujane, na uso unarudi kuwa wa yule binti wa mwanzo wa filamu, kwa dakika chache tu. Ayesha Takia hakuwa amepewa nafasi ya namna hii katika filamu zake za awali, na hapa ameitumia bila kuzidisha: furaha yake ina hofu pembeni, kama mtu anayekula kwa haraka chakula ambacho si chake.

Tukirudi Kerala, Perumazhakkalam haina jangwa wala vilima vya kuchezea. Jina lake maana yake ni msimu wa mvua kubwa, na Mswahili angeweza kuliita Masika tu, akawa amelitafsiri vizuri. Mvua inanyesha karibu katika filamu nzima. Inanyesha juu ya vigae na minazi, na juu ya mwavuli wa mwombaji aliyesimama nje ya nyumba asiyokaribishwa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataona jambo la ajabu hapa: mandhari ni kama ya kwao. Pwani ya Malabari na pwani yetu zimekuwa zikipelekeana majahazi kwa pepo za kusi na kaskazi kwa karne nyingi, na Kozhikode anakotoka Raziya ndio ule mji wa Calicut ambao Vasco da Gama alifikishwa mwaka 1498 na nahodha aliyempata Malindi. Waislamu wa kule, kofia zao, namna wanavyokaa barazani, vyote vitamfanya mtazamaji wa Lamu au Unguja ajihisi yuko kwa jamaa.

Uigizaji wa filamu hii uko juu sana. Kavya Madhavan alipata tuzo ya jimbo la Kerala ya mwigizaji bora wa kike kwa nafasi ya Ganga, na aliistahili. Ganga ni mtu wa maneno machache katika nyumba ya watu wenye maneno mengi, na Kavya anaigiza karibu kila kitu kwa kuinamisha au kuinua uso. Mamukkoya, ambaye watu wa Kerala walimzoea kwa kuchekesha, anaigiza baba wa Raziya, na kumwona mtu wa vichekesho akiomba kwa niaba ya binti yake kunauma kwa namna ambayo mwigizaji wa machozi asingeweza kuifikia. Kwa wale watakaovutiwa, Kamal na Kavya walirudi tena kwenye visa vya Saudia kwa filamu Khaddama, ya mwaka 2011, kuhusu mfanyakazi wa nyumbani, na jina hilo ni neno ambalo dada zetu walioko Ghuba hawahitaji kutafsiriwa.

Udhaifu wa Perumazhakkalam ni kwamba inamwamini mtazamaji kidogo. Mvua, muziki na machozi vinakuja pamoja, mara nyingi mno, na mtu asiyezoea filamu za aina hii anaweza kuchoka kabla ya nusu. Pia, kwa kuwa haja ya Raziya inajulikana mapema, filamu inabaki kungoja jibu, na katikati panakuwa na kurudiarudia: anakwenda, anafukuzwa, anarudi. Lakini kuna jambo ambalo inalifanya kwa ukweli zaidi kuliko Dor, nalo ni jamii. Katika Dor maadui ni wachache na wana sura: mkwe, tajiri. Katika Perumazhakkalam kinachomzuia Ganga ni mtaa mzima, ni watu wema kwa kawaida yao, waliofiwa kweli, wanaoona kwamba kumsamehe muuaji ni kumsaliti marehemu. Filamu haiwadharau. Na inaonyesha bila kuficha kwamba msamaha una gharama, na kwamba bili yake haiendi kwa mwombaji.

Kuhusu lugha, anayefuata Kihindi kidogo kwa mazoea ya sinema atakuwa na nafuu katika Dor. Maneno kama dunia, imani, wakati na kitabu yanapita sikioni yakiwa karibu sawa na yetu, kwa kuwa yote yametoka chimbuko moja la Kiarabu. Kimalayalam ni lugha ya ukoo mwingine, na hapo utategemea maandishi ya chini kikamilifu, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba nakala uliyoipata inayo, tena yanayosomeka. Wale wanaotegemea nakala zilizotafsiriwa kwa sauti ya DJ wafikirie mara mbili. Filamu zote hizi zinaishi kwenye vituo na kimya, na DJ hana desturi ya kunyamaza. Nyimbo zipo katika zote mbili, ila katika Dor nyingi zinapita nyuma ya safari na mandhari badala ya wahusika kusimama na kuimba. Ule wa Yeh Honsla, ulioimbwa na Shafqat Amanat Ali, unabaki kichwani siku kadhaa. Dor ni ya karibu saa mbili na nusu na ina mwendo wa taratibu katika theluthi ya kwanza. Vumilia mpaka wanawake wawili wakutane.

All We Imagine as Light ni chungu cha jiko lingine. Ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa katika tamasha la Cannes, Mei 2024, na ilikuwa filamu ya kwanza ya India kuingia katika shindano kuu la pale baada ya miaka 30. Prabha na Anu ni wauguzi kutoka Kerala wanaofanya kazi katika hospitali moja Mumbai na kupanga chumba kimoja. Prabha, anayeigizwa na Kani Kusruti, aliozeshwa kwa mwanamume ambaye alikwenda Ujerumani muda mfupi baada ya harusi, na sasa hata simu hapigi. Anu, anayeigizwa na Divya Prabha, ni mdogo, mchangamfu, na anampenda kijana wa Kiislamu kwa siri. Mkubwa anamwona mdogo kuwa hajatulia. Mdogo anamwona mkubwa kuwa amejizika akiwa hai. Udugu wao haufungwi na tukio lolote kubwa. Unafungwa na kodi ya nyumba, na paka, na safari za treni za usiku.

Siku moja kinafika kifurushi bila barua: chombo cha umeme cha kupikia wali, chekundu, kipya, kimetengenezwa Ujerumani.  Usiku, peke yake, Prabha anakaa sakafuni na kukikumbatia chombo kile. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Mtu yeyote ambaye nyumba yao imewahi kupokea begi kutoka ughaibuni, sabuni, manukato na blanketi badala ya mtu mwenyewe, ataelewa mandhari ile bila maelezo. Pamoja nao yuko Parvaty, mpishi wa hospitali, anayeigizwa na Chhaya Kadam, mjane anayetakiwa kuhama chumba chake ili ghorofa lijengwe, kwa kuwa karatasi za kuthibitisha haki yake hazipo. Wote watatu wanaishia kusafiri hadi kijijini kwake, pwani ya Ratnagiri, na hapo filamu inabadilika kuwa kitu karibu na ndoto.

Tahadhari mbili kuhusu filamu hii. Ina mandhari ya mapenzi na ya mwili ambayo hutataka kuyatazama mbele ya wakwe au watoto. Na haikupi jibu. Mtu anayengoja mambo yafike mwisho wake atainuka na njaa. Kwa upande wa ufundi ndiyo iliyokomaa kuliko zote tatu. Kwa upande wa jambo lenyewe, yaani kifungo kati ya wanawake wawili kinachozaliwa pale ambapo hakikutarajiwa, bado naiweka chini ya Dor, kwa sababu Prabha na Anu hawajawahi kulazimika kuchagua kati ya undugu wao na kitu kingine cha thamani.

Kama nyumba ina watoto na mnataka kukaa pamoja na kucheka, ziacheni zote tatu kwa siku nyingine mkatafute Laapataa Ladies ya Kiran Rao, ya mabibi harusi wawili wanaobadilishwa kimakosa ndani ya treni kwa sababu ya shela zinazofanana. Humo undugu mzuri kuliko wote ni kati ya bibi harusi aliyepotea na mama muuza chai wa stesheni, ambaye naye anaigizwa na Chhaya Kadam.

Kwa wengine wote, ushauri wangu ni kuanza na Dor. Itazame na mtu mwenye umri zaidi yako, na ikiwezekana awe mwanamke aliyewahi kumsubiri mtu. Perumazhakkalam uiache wiki nyingine, si usiku wa pili mfululizo, kwa sababu ukizifuatanisha utajikuta unahesabu tofauti badala ya kumtazama Ganga. Anayemwombea mtu aliyeko kifungoni, au aliyefiwa karibuni, asianze na ya Kerala; aipe muda. All We Imagine as Light ni ya kutazama peke yako, usiku, simu ikiwa imezimwa, kwa kuwa ukikosa dakika moja ya kimya chake umekosa mengi.

Shangazi yangu aliziona zile mbili za mwanzo, wiki tatu zikiwa katikati. Baada ya Dor alitaka nirudishe pale wanapocheza mchangani, na nikarudisha mara mbili. Baada ya Perumazhakkalam hakusema kitu, akaenda kulala. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza kama yule wa kwenye mvua, yule aliyesamehe, alikuwa na mama yake hai.